Minyoo ya Mzee wa Maabara

Saa moja na dakika kumi na saba asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi wa kwanza, niliona unga wa mbao chini ya mparachichi namba nne. Saa naijua kwa sababu niliiandika, na niliiandika kwa sababu kuna mzee aliyenizoesha kuandika kwanza na kushangaa baadaye. Ninataka kueleza habari za mzee huyo hapa, na siwezi kuzieleza bila ule unga.

Ulikuwa wa rangi ya chai yenye maziwa mengi, umelala juu ya majani makavu kana kwamba seremala alikuwa amefanya kazi pale. Kimo cha goti kutoka ardhini palikuwa na tundu ambalo kalamu ingeingia. Kufikia saa tatu nilikuwa nimeizunguka miti yangu yote, arobaini na mmoja, na kuandika namba za ile yenye matundu. Ilikuwa ishirini na mitatu.

Shamba langu liko kwenye mteremko juu ya Nyamache. Mahali penye miparachichi palikuwa na chai ya baba. Niliing'oa mwenyewe miaka saba iliyopita, shina kwa shina, huku mama akinitazama kutoka mlango wa jikoni. Alikaa wiki mbili bila kunisemesha. Aliponisemesha, aliniuliza kama nitakuwa nikipeleka avokado kwenye kituo cha kununulia majani chai. Kwa hiyo miti ile ikifa, chai ya baba itakuwa imeng'olewa bure, na mama bado yuko mlangoni.

Afisa wa kilimo alikuja kwa pikipiki siku mbili baadaye. Alikata tawi moja, akalipasua, akatoa funza mweupe mnene, urefu wa kidole changu cha mwisho. Akasema huyo ni bungua. Hukaa ndani ya mti mwaka mzima au zaidi akila mbao, kisha mvua za kwanza zikinyesha hutoka akiwa mdudu mwenye mabawa na vipapasio virefu kuliko mwili wake, na kwenda kutaga kwenye miti mingine. Dawa ya kupuliza haimfikii alipo. Ushauri wake ulikuwa mfupi: nikate yote ishirini na mitatu na kuichoma kabla ya mvua za mwezi wa tatu, la sivyo nitapoteza hata ile kumi na minane iliyobaki.

Nilimtafuta kijana mmoja pale sokoni mwenye msumeno wa injini, ule tunaouita pawa. Alipita kati ya miti akiigonga kwa kiganja kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Mzee, hii mimi naona kama ni makaa tayari," akasema. "Mia tano kila mti, na nakukatia vipande."

Nikaweka pesa zake kwenye bahasha na bahasha nikaiweka juu ya kabati. Nikamwambia nitampigia simu. Kisha nikaenda Ogembo kwa Mzee wa Maabara.

Nilimfahamu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili kwa sababu ya karo, na nikaajiriwa kufyeka nyasi katika shule moja ya sekondari ambako yeye alikuwa mtunza maabara. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kupanga vifaa, kuchanganya kemikali kabla ya somo na kuzimwaga baada ya somo. Hakuwa mwalimu na hakukubali kuitwa mwalimu. Mtu akimwita "Mwalimu" barabarani alisimama na kumsahihisha, hata kama mvua inanyesha. "Mwalimu ni yule anayezungumza," alisema. "Mimi ni yule anayeosha." Akapewa jina la Mzee wa Maabara angali na nywele nyeusi, nalo halikumtoka hata alipostaafu.

Siku moja mvua ilinikuta nikifyeka karibu na dirisha lake, akanifungulia stoo. Ndani mlikuwa na rafu ya vitabu vya sayansi vilivyochakaa. Alinipa kitambaa cha kukaushia chupa na kuniambia nikimaliza kreti moja ninaweza kusoma hadi mvua iishe. Baadaye akaanza kuniazima vitabu, kwa sharti ambalo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Nikirudisha kitabu, nilete na karatasi yenye mambo ambayo sikuyaelewa. Niliyoyaelewa hakutaka kuyasikia. "Hayo yako," alisema. "Niletee yale mengine." Karatasi ikiwa tupu alikirudisha kitabu mikononi mwangu bila neno, nikakisome tena. Yote ninayoyajua leo niliyajua kwa njia hiyo, na hadi sasa nikisoma kitu huwa na karatasi ya pili pembeni.

Nyumba yake ilikuwa na lebo kila mahali. Sukari iliandikwa SUKARI, chumvi CHUMVI, na swichi ya taa ya ukumbini iliandikwa UKUMBI, ingawa nyumba ilikuwa na vyumba vitatu tu na alikuwa ameishi humo tangu alipooa. Mkewe, mama mcheshi aliyeuza ndizi sokoni Ogembo, alivumilia miaka mingi. Kisha siku moja mzee alikwenda kanisani Jumamosi na kofia yenye kipande cha plasta nyuma, kimeandikwa kwa mwandiko wa mkewe: WANGU. Alikaa nayo ibada nzima. Alipoambiwa, alikitoa kile kipande, akakisoma, akakirudisha mahali pake.

Alikuwa Msabato wa zile siku ambazo Wasabato hawakunywa chai wala kahawa, na kwa hilo hakubadilika. Lakini alikuwa na chai ekari moja na nusu, na aliichuma kwa mikono yake kila wiki, majani mawili na chipukizi, bila jani baya hata moja. Nilimuuliza mara moja inakuwaje anauza kitu asichoweza kukinywa.

"Wewe unauza ng'ombe dume," akasema. "Unamkama?"

Hakuwa mtu rahisi. Alikuwa mchoyo wa vitu vidogo. Kijiko chake ukikiazima ilibidi uandike jina kwenye daftari. Watu wakichelewa aliondoka, hata kama wamechelewa dakika nne, hata kama ni mazishi. Nyumbani na shambani tulizungumza Kigusii kama kila mtu, lakini akikasirika alihamia Kiswahili. Kiswahili alikiweka kwa ajili ya kukaripia, nadhani kwa sababu alikuwa amewakaripia wanafunzi kwa lugha hiyo miaka thelathini na zaidi. Ukisikia "Wewe, kijana" ulijua mambo yameharibika.

Na mtu huyu asiye na subira na binadamu alikuwa akifuga minyoo.

Alianza baada ya kustaafu. Alikuwa na kasha la masega makuukuu aliyopewa na mfugaji wa nyuki, na ndani yake alizalisha funza wa yule nondo anayekula nta. Funza hao ndio waliokuwa chakula cha minyoo yake. Minyoo yenyewe hakuiagiza mahali. Alichukua udongo kutoka pembe mbalimbali za shamba lake, akautia kwenye mikebe, akaweka funza watano katika kila mkebe na kungoja. Katika mikebe mingi funza walinenepa tu. Katika mkebe mmoja, wenye udongo wa chini ya migomba, walikufa kwa siku mbili na miili yao ikageuka rangi ya tofali.

"Mzoga unaooza unakuwa mweusi na kunuka," alinieleza. "Huu ni mwekundu na haunuki. Maana yake kuna mtu amehamia."

Wahamiaji hao walikuwa minyoo midogo sana, nusu ya milimita, isiyomgusa mtu wala ng'ombe. Huingia ndani ya funza kwa mdomo au kwa upande wa pili, na huko huachia vijidudu wanavyobeba tumboni, ambavyo ndivyo vinavyoua. Kisha wanazaana humo hadi chakula kiishe, na watoto wao hutoka kwa maelfu kutafuta funza mwingine. Mzee aliwakusanya kwa sahani mbili: sahani ndogo iliyopinduliwa, juu yake karatasi mbichi na funza wekundu, na kuizunguka, ndani ya sahani kubwa, maji ya mvua. Minyoo ilijitelemsha yenyewe hadi kwenye maji. Ukiyatazama kwa lenzi yake uliona yanachemka bila moto.

Nilipomweleza habari ya miti yangu hakutikisa kichwa wala kunipa pole. Aliuliza, "Tundu lina unyevu ndani?"

"Sijui."

"Ulileta nini basi?"

Nikamwonyesha daftari: namba za miti, kimo cha kila tundu, rangi ya unga. Alilisoma lote akiwa amelisogeza karibu na pua, kwa maana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mwishowe akasema funza aliyejichimbia ndani ya mbao amejijengea nyumba nzuri kwa minyoo: giza, unyevu, hakuna jua. Dawa haimfikii kwa sababu dawa haina miguu. Hiyo minyoo itamfuata yenyewe.

Alihitaji wiki mbili kuizalisha ya kutosha. Alikuja kwangu Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kwanza, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, na dumu la lita tano lililofungwa gunia bichi. Alifika kabla ya saa tuliyopatana na akasimama njiani hadi saa ifike.

Akanionyesha kazi kwenye mti namba nne. Safisha tundu kwa spoku ya baiskeli. Tikisa dumu, kwa sababu minyoo huzama. Vuta maji kwa bomba la sindano, yeye alikuwa na lake la kioo la zamani, sukuma polepole hadi maji yarudi mdomoni mwa tundu. Ziba kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa. Akafanya tena namba tisa, nami nikitazama. Kisha akachoka kuinama, akakaa juu ya jiwe.

"Endelea wewe. Una bomba?"

Nilikuwa nalo, kubwa la plastiki, limening'inia kwenye msumari zizini. Nikalisuuza kwa maji na kuendelea. Miti ishirini na mmoja niliimaliza mwenyewe kwa jioni mbili. Mama alikuja na kiti akakaa mbali kidogo.

"Hiyo ni dawa gani?" akauliza.

"Ni minyoo, mama."

Akanitazama, akamtazama mzee. "Mti una minyoo, na nyinyi mnauongezea mingine?"

"Ndiyo, mama," mzee akajibu kwa heshima kubwa. "Tunaongeza ile yenye njaa."

Chini ya kila mti tulifagia na kutandika jani la mgomba. Kama bungua bado yuko hai, unga mpya utaangukia jani. Kazi yangu ilikuwa kupita kila asubuhi saa moja na kuandika.

Niliandika siku kumi na sita. Namba nne ilinyamaza siku ya sita. Namba tisa siku ya saba. Miti mingine ishirini na mmoja iliendelea kumwaga unga kama hakuna mtu aliyeigusa. Nilibadilisha majani ya mgomba. Nilipima muda kati ya unga na unga. Siku ya kumi na sita nililichukua daftari nikalipeleka Ogembo.

Mzee alianza kulisoma. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya: alilifunga kabla ya kufika mwisho.

"Miwili niliyofanya mimi niliifanya mwanzo, dumu likiwa limetikiswa vizuri," akasema. "Minyoo waliobaki humo walikuwa wafu. Nilihesabu vibaya. Nilipotazama kwa lenzi niliona wanacheza, lakini macho haya siku hizi yanaona ninachotaka." Akavua miwani na kuifuta. "Kata miti, Baba Kerubo. Usingoje mvua kwa ajili ya mzee."

Mkewe aliyekuwa akimenya ndizi pale mlangoni aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye ndizi zake bila mzaha. Nikaona kasha la masega limefungwa kamba kando ya mlango. Mzee alikuwa anamrudishia mfugaji wa nyuki.

Nikiwa njiani nilimpigia simu kijana wa pawa. Tukapatana Alhamisi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumatano jioni nilikuwa nimekaa nyuma ya nyumba na kikombe cha chai, nikiitazama miti kama mtu anayeaga, mke wangu aliponiita kutoka zizini.

"Baba Kerubo, hebu njoo unishikie kichwa cha huyu. Hataki kunywa."

Nikaenda. Nikamshika ng'ombe pembe, nikainua kichwa chake. Mke wangu akavuta dawa nyeupe kutoka kwenye chupa, akaingiza bomba pembeni mwa mdomo wa ng'ombe na kusukuma. Lilikuwa lile bomba la plastiki. Alipomaliza alilisuuza kidogo kwa maji ya ndoo na kulirudisha kwenye msumari wake.

"Hiyo ni dawa ya nini?" nikauliza, ingawa mimi ndiye niliyeinunua.

"Ya minyoo. Si kila miezi mitatu?"

Niliichukua chupa. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inaua minyoo ya aina nyingi, mikubwa na midogo. Mke wangu aliusoma uso wangu, akalitazama bomba, akaitazama miparachichi, na nikaona habari ikimfikia hatua kwa hatua.

"Na uliitilia minyoo ya mzee humo?"

"Nilisuuza."

"Kama nilivyosuuza mimi sasa?"

"Kama hivyo."

Alijaribu kujizuia. "Kwani ulifikiri ile dawa itauliza hii ni minyoo ya nani?" Akacheka hadi akamshika ng'ombe kwa mkono ili asianguke. Mimi pia nilicheka, halafu nikaacha, kwa sababu nilikumbuka lile kasha lililofungwa kamba.

Nilimpigia kijana wa pawa na kumwambia asije kesho. Akaniambia, "Mzee, wewe na hiyo miti mtaoana." Kisha nikavaa viatu. Ningeweza kungoja asubuhi, lakini nilijua mfugaji wa nyuki hupita barabara ya Ogembo kila Alhamisi alfajiri kwenda sokoni.

Walikuwa wanakula nilipofika. Kulikuwa na obokima, ugali wetu, na mboga ya chinsaga, na mkewe akaniongezea sahani kabla sijakaa. Niliiweka chupa ya dawa mezani, kati ya CHUMVI na SUKARI, na bomba pembeni yake.

"Hili ndilo bomba nililotumia," nikasema. "Na hii ndiyo kazi yake ya kawaida."

Mzee alinawa mikono, akaifuta, akachukua lenzi. Alianza kusoma lebo ile tangu juu, jina la dawa, namba, onyo, kipimo kwa uzito wa ng'ombe, mpaka tarehe ya kwisha muda. Nilikaa tayari kwa Kiswahili.

"Wewe, kijana," akaanza. Nina miaka hamsini na mbili. "Umesoma kuhusu bungua?"

"Nimesoma."

"Umesoma kuhusu minyoo hii, kiasi cha maji, saa za jioni, udongo wa kuzibia?"

"Nimesoma."

"Na karatasi ya mambo usiyoyaelewa, uliandika?"

"Niliandika. Ilikuwa na maswali matano."

"Lakini chupa iliyo nyumbani kwako, unayoinunua kwa mkono wako kila miezi mitatu, hiyo hukuisoma. Kwa nini?"

"Kwa sababu naijua."

Nilitegemea aendelee, na nilikuwa nimestahili. Badala yake aliliinua bomba akalinusa, akampa mkewe naye akalinusa, kisha akaegemea kiti. Mabega yake yalishuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa majani chai.

"Kwa hiyo walikuwa hai," akasema, sasa kwa Kigusii.

"Walikuwa hai, Mzee. Niliwaua mimi."

"Niliwahesabu sawa."

"Uliwahesabu sawa."

Akaomba aongezewe mboga. Mkewe aliinuka, akatoka nje, na tukasikia kamba ya kasha ikikatwa.

Mara hii alizalisha mara mbili ya kiasi kile, na mimi nikanunua mabomba mawili mapya na kuyaacha yakiwa kwenye karatasi zao hadi siku ya kazi. Minyoo ilianza kutoka kwa wingi baada ya wiki mbili, Ijumaa, saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa imeanza kunguruma upande wa ziwa na mimi nilitaka tukimbie shambani saa ile ile. Mzee alilitazama jua, ambalo likitua huanza Sabato, akafunika sahani zake kwa kitambaa kilicholowa.

"Wao hawaijui Sabato," akasema. "Mimi naijua. Watalala hapa mpaka Jumapili, na wewe utalala kwako."

Sikulala. Mimi ni Mkatoliki, na ile Jumamosi nilisali sala ambazo sikuwa nimezisali tangu nikiwa mtoto, zote zikihusu mawingu. Mvua haikunyesha. Jumapili jioni tulipiga miti ishirini na mmoja, na tukarudia siku ya nane. Nilimshikilia mzee kiwiko alipokuwa akiinama, naye alitikisa dumu kati ya kila mti na mti, hata pale nilipomwambia nimeshalitikisa.

Siku ya tano baada ya kurudia, jani la mti namba kumi na saba lilikuwa safi. Siku ya sita yalikuwa safi saba. Siku ya tisa niliandika kumi na tisa. Miti miwili, namba thelathini na namba thelathini na tatu, iliendelea kumwaga unga mwingi, na ilikuwa imeanza kukauka juu. Wiki tano nilizopoteza kwa bomba langu zilikuwa zimeimaliza. Nilimwita kijana wa pawa akaikata hiyo miwili, tukaichoma. Kabla ya kuichoma nilipasua pia tawi nene la mti namba kumi na saba, ambao ulikuwa umenyamaza, nikamkuta bungua ndani ya handaki lake. Alikuwa mwekundu, rangi ya tofali. Nilimweka kwenye chupa na kumpelekea mzee. Alimtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akachukua kipande cha plasta, akaandika namba ya mti na tarehe, na kwa kuwa palibaki nafasi akaongeza neno moja: HAI. Alimaanisha wale waliokuwa ndani.

Mvua za kwanza zilikuja siku kumi baadaye, saa nane mchana, zikipiga mabati hadi hatukusikiana. Nilikuwa nimezungusha vipande vya neti ya mbu kwenye mashina yote ili mdudu akitoka nimwone. Kwa wiki mbili nilikagua neti asubuhi na jioni. Nilimkuta buibui na kipepeo mmoja. Asubuhi ya mwisho mama alinifuata hadi mti wa mwisho, akashika neti kwa vidole viwili.

"Sasa unaweza kuivua hii nguo ya arusi," akasema. Akachuma parachichi moja lililofikika, akaligeuza mkononi, akaingia nalo jikoni kwake. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mara ya mwisho kumwona Mzee wa Maabara kabla hajahamia kwa bintiye huko Nyamira ilikuwa katika duka la dawa za mifugo pale Ogembo. Nilikuwa nimeenda kununua dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nilisikia mtu nyuma yangu akisoma kwa sauti, lebo baada ya lebo, kwenye rafu. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho, jicho la pili wiki iliyotangulia, na alikuwa akisoma kila kitu kilichomo dukani bila lenzi. Mwenye duka alikuwa ameshakata tamaa ya kumuuliza anataka nini.

Aliniona, akaitazama chupa mkononi mwangu.

"Mabomba mangapi nyumbani?"

"Matatu. La ng'ombe nimelifunga kitambaa chekundu na kuliandika."

"Umeandika nini?"

"NG'OMBE."

Akaridhika. Aliniambia lile kasha la masega amemwachia mke wa jirani yake ambaye ana mibuni yenye matundu, na kwamba mama huyo anaandika vizuri kuliko mimi. Aliniambia Nyamira ni baridi lakini bintiye ana migomba, na chini ya migomba kuna udongo. Kisha akakumbuka kitu.

"Ile bahasha ya pawa uliyoniambia, juu ya kabati. Ulinunulia nini?"

"Bado iko. Sikuwahi kuifungua ila siku ile ya miti miwili."

"Ilikuwa ngapi?"

"Elfu kumi na moja na mia tano."

Alifunga macho yake mapya ili ahesabu, kama alivyozoea alipokuwa haoni.

"Miwili ulikata," akasema. "Toa elfu moja, hiyo ni ya bomba. Ulichookoa ni elfu kumi na mia tano."